Majamvi Manne

Mtoto wa miaka 11 alichapwa kwa kosa langu, nami nimeketi kwenye mkeka hatua chache kutoka pale, nasikia. Sikuinuka. Niliishi na jambo hili miaka mingi bila kumwambia mtu, na leo naliandika kama lilivyokuwa.

Ilikuwa vuli ya mwaka 2017. Tulikuwa wasichana wanne tuliomaliza chuo kikuu pamoja Dar es Salaam, watatu wa bara na mmoja Mpemba. Huyo ndiye aliyetualika kwa mama yake mdogo, katika kijiji kimoja karibu na Konde, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Tulishuka meli Mkoani, tukapanda gari hadi Chake Chake, kisha jingine hadi Konde. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto. Harufu yake ilitupokea kabla hatujaonana na mtu, maana zilikuwa zimeanikwa kila penye jua, nyuani na kandokando ya barabara.

Mamdogo, nasi tulimwita hivyohivyo, alitupisha chumbani kwake, yeye na binti zake wakalala ukumbini. Tulikataa kwa maneno mawili matatu ya adabu, kisha tukaingia. Siku hizo nilikuwa nasema "Wapemba ni wakarimu" kwa wepesi uleule ninaosema bahari yao ni ya buluu. Sikujiuliza nani amelala sakafuni kwa ajili yangu.

Usiku wa kwanza tulifunzwa kuchambua. Wachumaji walikuwa wamekwisha pimiwa karafuu zao kwa pishi na kulipwa, rundo likamwagwa katikati, nyumba nzima na majirani wakaketi kulizunguka chini ya taa moja. Unashika kichala, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku na makonyo unayaweka kule. Makonyo nayo ni mali, hupelekwa kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yakatolewa mafuta. Hadithi zilikwenda mpaka saa sita, na yule mtoto, kitinda mimba wa Mamdogo, alikuwa ananicheka kwa upole kwa sababu yeye alichambua vichala vitatu kwa kimoja changu. Alinishika mkono akanionyesha pa kuweka kidole gumba. Ndiye mwalimu wangu wa kwanza pale.

Baba wa nyumba, mtu wa maneno machache, alitueleza kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Mamdogo alitueleza hesabu. Karafuu huchumwa imevimba na kuanza wekundu, kabla ua halijafunguka. Kilo tatu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja. Mchumaji analipwa leo, mwenye shamba anangoja mpaka auze. Na kwa sheria mnunuzi ni mmoja tu, shirika la serikali, linalonunua kwa madaraja na kwa bei iliyopangwa. Mkulima hana mahali pa kupatana bei. Alichobakiwa nacho mkononi ni daraja tu, na daraja linapatikana juani: karafuu ikauke sawasawa, iwe na rangi ya kahawia inayong'aa, ikikunjwa ivunjike. Ikinyeshewa kabla haijakauka, hupauka, na kupauka hakurudishiki.

Niliyasikia yote haya. Siwezi kusema sikujua.

Siku ya nne, asubuhi, habari ya msiba ilifika kutoka Micheweni. Mamdogo, mumewe, binti zao na rafiki yetu wakajiandaa kwenda mazikoni. Sisi watatu wa bara tulibaki. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini, siku ya pili juani. Mamdogo alinionyesha mapolo na turubali lilipo, akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu: "Mwanangu, mvua ikija, anueni. Msingoje tone. Wingu likifunga upande ule tu, anueni." Nikajibu, "Usiwe na wasiwasi, Mamdogo."

Kuanua ni neno nililokua nalo. Kwetu Morogoro niliitwa kila jioni nikaanue nguo, na nikichelewa zilianikwa tena kesho yake. Nadhani nililisikia agizo la Mamdogo kwa masikio hayo.

Saa tano mtoto akarudi kutoka chuo cha Kurani, msahafu kifuani. Wenzangu walikuwa wanalalamika kwamba siku zinakwisha na hatujauona ufukwe wa Vumawimbi. Ningeweza kusema hapana, na wangenisikiliza. Badala yake nilitoka barabarani mwenyewe nikasimamisha bodaboda mbili. Nilimwambia mtoto, "Kaa na karafuu, tunarudi sasa hivi, saa moja tu." Akaitika, "Haya, dada." Hakuuliza kitu. Katika nyumba ile mtoto hamuulizi mgeni maswali.

Tulipita msitu wa Ngezi, miti mikubwa imeziba jua, tukafika ufukwe mweupe usio na mtu. Kisha mmoja akataja mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ule wa chuma uliojengwa mwaka 1900, nasi tukaenda hadi huko. Tukiwa mnarani niliona wingu jeusi limekaa juu ya upande tuliotoka. Nililiona vizuri. Nikasema tupige picha za mwisho.

Tulirudi saa kumi, barabara tope tupu. Mtoto alikuwa amesimama uani ameloa chapachapa, mikono inatetemeka, turubali limemshinda nusu njia. Polo lililojaa alikuwa ameliburuta mpaka barazani. Kwa miaka yote nimekuwa nikihesabu hivi: majamvi manne, akaokoa moja. Katika matatu karafuu zilikuwa zinaelea. Tulianza kuzichota kwa mikono, hatusemi neno.

Mamdogo alirudi karibu na magharibi. Alisimama mlangoni akayatazama majamvi, kisha akanitazama mimi. "Kumetokea nini?"

Nilijibu: "Tulitoka kidogo tu, Mamdogo, tukamwachia yeye. Tulidhani ataanua."

Kila neno katika sentensi ile lilichaguliwa. "Kidogo" ilikuwa muda wa saa tano. "Tukamwachia" lilifanya kazi yangu iwe yake. Mtoto alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Baba yake akamwita nyuma ya nyumba. Nilihesabu fimbo tatu. Hakulia kwa sauti, na ndiyo maana nilisikia fimbo zenyewe.

Usiku ule kulikuwa na shelisheli la nazi na samaki wa kukaanga. Vipande vinono viliwekwa upande wetu wageni. Nilikula.

Kabla hatujaondoka Mamdogo alipeleka mzigo kituoni, akarudi ameshika risiti. Alimwonyesha mumewe, mumewe akaikunja akaitia mfukoni. Rafiki yetu alituambia baadaye kwamba sehemu kubwa ilipewa daraja la chini. Tulichangishana, tukaweka fedha kwenye bahasha, nikamkabidhi Mamdogo kwa mikono miwili nikisema ni shukrani. Sikusema ni ya nini hasa. Alitufungia mkate wa kumimina wa kula njiani, na mtoto akatubebea mifuko mpaka barabarani.

Mwaka jana, vuli ilipoanza, nilimpigia simu Mamdogo. Nilimweleza kila kitu, tangu bodaboda hadi wingu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema alijua tangu magharibi ileile, kabla hajafika mlangoni. Jirani alituona tunaondoka, na akaona tulivyorudi. "Wewe mgeni wangu," akasema, "ningekwambiaje?" Nikamwomba radhi. Akasema ya karafuu alikwisha nisamehe kabla sijavuka bahari. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba alikuwa amengoja niseme, magharibi ile, pale mlangoni, kabla baba mtu hajamwita mtoto. Yeye naye alikaa kimya ili asimwaibishe mgeni, na kimya kile kinamuuma mpaka leo.

Hilo sikuwa nimelijua. Uongo wangu ulimfanya mama anyamaze mwanawe akichapwa.

Akanipa namba ya yule mtoto, sasa kijana. Siku hizi anapanda mikarafuu mwenyewe, analipwa kwa pishi. Ilinichukua siku tisa kupiga. Nilijitambulisha, nikasema ninaomba msamaha kwa siku ile ya mvua, kwamba nilimwacha peke yake na majamvi manne kisha nikamsingizia.

"Nimeshasahau, dada," akasema.

Nikamshukuru. Nilikuwa karibu kuaga.

"Ila yalikuwa matano," akasema. "Niliokoa mawili. La pili lilikuwa chini ya baraza, hamkuliona."