Kadi za Mapishi ya Kwetu

Huenda wasomaji wengine wakacheka kuona karani akiandika habari za vyungu na miiko. Na wacheke. Nadhani karani ndiye aifaaye kazi hii, maana hulipwa kuyaandika yale ambayo wengine huyasema tu.

Walowezi wa Kenya walikuwa na kitabu chao cha mapishi tangu mwaka 1928, kilichotolewa na chama cha akina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi. Akina mama wetu nao, hasa baada ya Maendeleo ya Wanawake kuanzishwa mwaka 1952, walifundishwa upishi na ushonaji katika vyama vyao na katika Jeanes School ya Kabete, mahali palipogeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha watumishi wa Serikali. Masomo hayo yalikuwa na manufaa. Lakini njahi za kwetu Meru hazikuhitaji mwalimu, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeziandika. Binti alijifunza kwa kuketi jikoni. Siku hizi binti yumo bwenini, kisha yumo mjini.

Dada yangu mdogo alipokaribia kuolewa Nairobi, niliazimu kumpa kadi za mapishi, niziandike kwa mkono wangu. Nikaenda kwa mama nikamwuliza, "Mama, njahi ni vikombe vingapi?"

Akanijibu, "Mwanangu, kwani mimi ni duka?" Kisha akasema, "Mapishi ya karatasi ni ya mtu asiye na mama."

Neno hilo lilinichoma, kwani macho yake yamepungua nguvu, na siku ile ile alitia chumvi mara mbili. Sikumjibu. Kila alipochota kwa mkono, nalikinga kikombe kabla ya chungu, naye akaniacha.

Njahi, ambazo watu wa pwani huziita fiwi, zilikuwa vikombe viwili, zimelowekwa usiku kucha. Huchemshwa, na yale maji ya kwanza, meusi na machungu, humwagwa. Katika miaka yangu yote ya kula njahi hakuna aliyepata kunitajia jambo hilo. Kwa mama halikuwa jambo la kusemwa. Hutiwa maji mapya, yapite njahi kwa vidole viwili, zichemke hata zibonyee. Ndipo huongezwa ndizi mbivu nne, zikapondwa pamoja. Hiki ndicho chakula cha mzazi aliyejifungua, na dada yangu atakihitaji siku ambayo huenda mama hataweza kusafiri.

Kadi ya pili ni ya uji wa uwele uliochacha, kama upikwavyo Embu kwa wakwe zangu. Kwa heshima ya ukwe singeweza kumkalia mama mkwe jikoni. Mke wangu ndiye aliyeuliza, nami nikaandika.

Karatasi ya manila hukatwa inchi 6 kwa 4. Wino wa chupa hutiririka ukipatwa na mvuke, basi kalamu ya risasi ni bora. Kwa pambo nilitumia magome makavu ya mgomba, ambayo yana rangi nyingi, tangu ya maziwa hata ya kahawa. Huyalainisha kwa maji kidogo, ukayalaza chini ya vitabu vizito siku mbili, ukayakata vipande vyembamba na kuvigandisha pembeni kwa uji mzito wa unga wa ngano, vikipishana kama nakshi za kiondo. Mwisho husugua mshumaa juu ya kadi yote kwa mkono mwepesi, mafuta yasiingie upesi.

Nyuma ya kila kadi sikusugua mshumaa, nikaacha mistari mitupu. Jiko la gesi si mafiga matatu, na saa nilizoandika ni za kuni za mama. Dada yangu ataandika zake.