Manung'uniko ya Watelezao Thelujini

Watu wapendao kitu kimoja huunganishwa na mambo mawili: kukisifu na kukinung'unikia. Sifa husemwa mara moja zikaisha. Manung'uniko hayana mwisho. Baharia hulalamikia upepo, mkulima hulalamikia mvua, na mcheza bao humlalamikia mwenzake akawiaye kucheza. Walakini baharia haachi bahari, mkulima haachi jembe, wala mcheza bao haondoki barazani. Basi manung'uniko si dalili ya chuki sikuzote. Aghalabu ni sauti ya mtu aliyekwisha kufungamana na jambo, naye adai haki yake ndani ya fungamano hilo.

Kundi moja lionyeshalo tabia hii waziwazi ni la wapenzi wa mchezo wa skii katika nchi za baridi. Mchezo huu ni wa kushuka mlima uliofunikwa na theluji juu ya mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni. Jina lake limetoka katika lugha ya kale ya watu wa Norwei, na maana yake ya asili ni kipande cha mti uliopasuliwa. Kwa wazee wa nchi ile mbao hizo zilikuwa chombo cha safari na cha kuwindia. Katika karne ya 19 Sondre Norheim, mtu wa Morgedal, alitengeneza vifungo vilivyoshika kisigino barabara, na kwa vifungo hivyo akaweza kuruka na kupinda njia kama apendavyo. Chombo cha haja kikawa chombo cha furaha. Na ilipoingia furaha, manung'uniko yalikuwa nyuma yake.

Na asikilizwe mtelezaji mmoja kwa siku moja tu. Ameamka kabla ya alfajiri, ameendesha motokaa muda wa saa mbili katika barabara yenye utelezi, na afikapo mlimani hakuna mahali pa kuiweka. Buti zake ni ngumu kama gome la mti. Zambana mpaka vidole vyafa ganzi. Bakuli la supu huko juu lauzwa kwa bei ya karamu. Mtu wa nyuma yake katika foleni amezikanyaga mbao zake. Theluji ni ngumu mno asubuhi, na laini mno alasiri. Arudipo nyumbani jioni, magoti yamuuma na uso umeunguzwa na upepo, huwasimulia wenzake hayo yote kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Kisha huwauliza kesho wataondoka saa ngapi.

Katika manung'uniko yake lile la bei ndilo kubwa. Katika baadhi ya milima ya Marekani tikiti ya siku moja, ikinunuliwa mlangoni wakati watu ni wengi, imepita dola 300. Jambo hili lina sababu. Mwaka 2008 kampuni moja ya Colorado ilianza kuuza kwa dola 579 tikiti ya msimu mzima, ifaayo katika milima kadhaa, kwa sharti kwamba mnunuzi alipe kabla ya msimu kuanza. Wengine wakafuata mfano huo. Faida yake kwa mwenye mlima ni dhahiri: fedha huingia kabla theluji haijaanguka, na majira yakiwa makavu hasara humwangukia mnunuzi. Ili watu wavutwe kununua mapema, hapana budi tikiti ya siku moja iwe ghali. Basi mwenye kuteleza siku arobaini kwa mwaka hupata raha yake kwa bei nafuu, na jamaa watakao kuujaribu mchezo kwa siku moja hufungiwa mlango. Yule wa kwanza hunung'unika kwamba mlima umejaa watu. Hao wa pili hawasikiki, kwa maana hawapo. Ni vema jambo hili likumbukwe: kelele zisikikazo katika kundi lolote ni za waliomo ndani, na mara nyingine dhuluma iliyo kubwa kupita zote ni ya yule aliyebaki nje akiwa kimya.

Foleni nayo ina historia yake. Zamani mtelezaji alipanda mlima kwa miguu, na kila mteremko ulikuwa ujira wa jasho lake. Mwaka 1936, katika Sun Valley, Idaho, vilifungwa viti vya kwanza duniani vya kuwapandisha watelezaji mlimani kwa waya. Mhandisi aliyevibuni, James Curran wa shirika la reli la Union Pacific, aliliokota wazo lake katika mitambo ya kupakilia ndizi melini: penye kulabu ya mkungu akaweka kiti cha mtu. Tangu siku ile mtu hupandishwa kwa dakika chache mlima ambao ungemla nusu ya asubuhi. Alipookolewa na jasho, alianza kulalamikia kungoja. Ndiyo ajabu ya raha: kila taabu iondolewapo huacha nafasi, na taabu ndogo iliyokuwa nyuma yake husogea mbele, ikaketi mahali palipoachwa wazi.

Yako pia manung'uniko ya mtu juu ya mtu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, katika Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili zikawa kitu kimoja ili binti zake wasimame juu yake na kuteleza. Mchezo ule wa watoto ulikua ukawa mchezo wa vijana, na vijana wakaja nao milimani. Watu wa mbao mbili waliwaona watu wa ubao mmoja kuwa watovu wa adabu, wakwanguao theluji na kuketi katikati ya njia. Watu wa ubao mmoja waliwaona wale kuwa wazee wenye kiburi. Mwaka 1998 ubao mmoja ulikubaliwa katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, Japani. Hata hivyo milima mitatu ya Marekani, Alta na Deer Valley katika Utah na Mad River Glen katika Vermont, bado haiuruhusu. Mwaka 2014 watu wa ubao mmoja waliishitaki Alta, wakidai kwamba wanabaguliwa katika ardhi ya umma. Mahakama ikayakataa madai yao, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu ile. Ugomvi wa namna hii hauhitaji tofauti kubwa. Watu waliovaa nguo za namna moja, waliolipa bei moja, wakipanda mlima mmoja kwa kiti kimoja, waweza kufarakana kwa hesabu ya mbao zilizo chini ya nyayo zao.

Katika mlango huu huingia pia manung'uniko ya wajuzi juu ya wanaojifunza: kwamba ni wazito, kwamba huanguka njiani, kwamba wamezidi. Lakini katika Nagano hiyohiyo lilitokea jambo ambalo wajuzi wote wangefaa kulitafakari. Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji kabla ya kuwa mtelezaji, alishindana katika mbio za kilomita 10 na kumaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyeshinda mbio hizo, hakwenda zake kuchukua medali. Alisimama mwishoni mwa njia akamngoja Mkenya yule afike, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Daehlie. Mjuzi kuliko wajuzi wote siku ile hakuona kwamba mtu aliyekawia amempotezea wakati. Yamkini wanung'unikao juu ya wanaojifunza si wale wajuao sana, bali wale waliojua juzi na kuogopa kufananishwa na wajuao leo.

Kufikia hapa mtu aweza kusema kwamba manung'uniko yote ya watelezaji ni deko la watu wenye nafasi na fedha. Kusema hivyo si haki. Wenye milima hutoa kila siku taarifa ya theluji iliyoanguka, na watu hufunga safari kwa kuitegemea. Kwa miaka mingi watelezaji walilalamika kwamba taarifa hizo zina chumvi. Wachumi wawili wa Dartmouth College, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walilichunguza jambo hili wakatangaza matokeo yao katika jarida la elimu ya uchumi mwaka 2016. Waliona kwamba theluji mpya ya taarifa za wenye milima ilizidi mwishoni mwa juma, yaani siku ambazo wageni hutazamiwa. Mbingu hazijui Jumamosi wala Jumatatu; ajuaye ni mwenye kuuza tikiti. Waliona pia kwamba chumvi ile ilipungua ilipopatikana programu ya simu iliyowawezesha watelezaji kutangaza wenyewe hali ya theluji wakiwa palepale mlimani. Manung'uniko ya mmoja mmoja yalikuwa kelele. Yalipokusanywa, kila mtu akisema alichokiona kwa macho yake, yakawa ushahidi. Na mbele ya ushahidi uongo hupunguza mwendo.

Yako manung'uniko ya daraja la juu zaidi, nayo ni yale ambayo mtu huyatoa kwa ajili ya mwingine. Tarehe 27 Desemba, 2024, wakati wa sikukuu ambapo wageni ni wengi, walinzi wa mlimani katika Park City, Utah, waligoma. Hawa ndio wachunguzao hatari ya maporomoko ya theluji kabla njia hazijafunguliwa, na wawashushao majeruhi. Waliomba mshahara wa kuanzia uongezwe kutoka dola 21 kwa saa kufika dola 23, katika mji ambao nyumba zake ni ghali mno kwa mtu wa kipato hicho. Njia nyingi zilibaki zimefungwa, na foleni zikawa ndefu. Wageni walionung'unikia fedha zao walikuwako, na haki yao ilikuwa wazi. Lakini walikuwako pia waliopaza sauti katika foleni ileile wakitaka wafanyakazi walipwe. Mgomo ulikwisha tarehe 8 Januari, 2025, na nyongeza ikapatikana. Foleni ilikuwa moja na baridi ilikuwa moja. Mmoja aliuliza kwa nini yeye angoje. Mwingine aliuliza ni nani aliyewafanya wote wangoje. Swali la pili lilihitaji kutazama juu ya kichwa chake mwenyewe.

Wahenga walisema: ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Katika Vermont wapenzi wa Mad River Glen walikuwa na hofu kwamba mlima wao utaangukia mikononi mwa watu watakaoubadili. Mwaka 1995 waliunda ushirika wakaununua. Tangu wakati huo mlima ni mali ya watelezaji wenyewe. Kiti chao cha mtu mmoja mmoja, kilichofungwa mwaka 1948, kilipochakaa hawakukiondoa ili kuweka cha kasi. Walikitengeneza upya mwaka 2007, wakijua kwamba kwa kufanya hivyo wamejichagulia foleni. Ushirika haukuwaondolea manung'uniko. Umewaondolea mtu wa kumtupia lawama. Anung'unikaye pale hujinung'unikia mwenyewe, na neno lake, kabla ya kutoka kinywani, hupimwa na mkono utakaolipia.

Linabaki nung'uniko moja ambalo mlalamikiwa wake hapatikani mlangoni penye kuuzia tikiti. Watelezaji husema kwamba theluji si ile ya zamani. Husema kwamba ile ifanyizwayo na mitambo, ambayo wenzao wa Connecticut waliibuni mwaka 1950 kwa kurusha maji na hewa iliyoshindiliwa katika ubaridi, ni ngumu na haina uhai. Lakini bila mitambo hiyo milima mingi isingefunguliwa, na Michezo ya Olimpiki ya Beijing, mwaka 2022, ilichezwa karibu yote juu ya theluji ya namna hiyo. Katika Bolivia, mto wa barafu wa Chacaltaya, ambao watu waliteleza juu yake katika kimo cha zaidi ya mita 5,300, ulitoweka mwaka 2009. Karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili, wataalamu walipima Kilimanjaro wakaona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lililofunikwa na barafu lilipungua kwa asilimia 85.

Hapa mtelezaji hafanani tena na mteja aliyepunjwa. Motokaa aliyoiendesha saa mbili kabla ya alfajiri, ndege iliyomleta kutoka bara jingine, na mtambo uliomfanyizia theluji usiku kucha, vyote vimo katika orodha ya yanayoiongezea dunia joto. Yeye ni mshitaki, naye yumo miongoni mwa washitakiwa. Huenda ndiyo maana nung'uniko hili, lililo zito kuliko yote, husemwa kwa sauti ndogo kuliko lile la supu. Supu ina mwuzaji, theluji haina. Wakazi wa chini ya Kilimanjaro, ambao mlima wao haukuwa kiwanja cha skii, nao wana neno la kusema juu ya joto hilo, na hawakununua tikiti yoyote.

Haifai basi kuwaambia watu waache kunung'unika. Watu wasionung'unika huuziwa taarifa za uongo na kusema asante. Lililo wajibu wao ni kuyachambua manung'uniko yao kama mchele uchambuliwavyo katika ungo: yale ya buti na supu yapeperuke, maana ni makapi ya furaha; yale ya bei yamkumbuke asiyekuwapo; yale ya uongo yakusanyiwe ushahidi; na yale ambayo mnung'unikaji mwenyewe ana fungu katika kosa lake yasemwe kwa sauti kuliko mengine yote, wala asingoje mwingine aanze.