Maji ya Mtwapa na Jawabu Letu Pungufu

Ukivuka daraja la Mtwapa ukitoka Mombasa, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini, utaiona hori chini yako kwa muda mfupi tu kabla ya kelele za soko kukupokea. Hori hiyo ni mkono wa bahari uingiao bara, nayo ndiyo mpaka: ukingo wa kusini ni Mombasa, wa kaskazini ni Kilifi. Tulikuwa tumeivuka mara nyingi, daima na haraka ya harusi au mazishi. Safari hii tulishuka hadi majini, kwa kuwa tulikuwa na deni.

Deni lenyewe ni jawabu. Katika darsa ya kina mama, dada mmoja aokotaye chaza na kutega kaa mikokoni alituuliza iwapo maji ya ufukoni pao, panapomiminika bomba la nyumba ya juu, yanafaa kutawadhia. Tukamjibu kama tulivyosomeshwa: maji yaliyozidi kullatein hayanajisiki kwa kuingiwa na uchafu, ila yakibadilika rangi, tamu au harufu. Akashukuru, akaketi, nasi tukafungua ukurasa mwingine. Siku kadhaa zilipita ndipo likatujia kwamba alikuwa ameuliza mawili, na la pili hatukulisikia.

Tulifika wakati wa maji mafu. Siku za bamvua bahari huijaza hori na kuikomba kwa nguvu. Siku za maji mafu hujongea kidogo na kurudi kidogo, na kule ndani, mbali na mlango wa bahari, maji ya jana ndiyo ya leo. Kilichomwagwa asubuhi chaweza kuwa bado kinaelea jioni mbele ya aliyekimwaga. Mililana ilisimama ukingoni, mizizi yake imechomoza matopeni. Kisha pakawa na pengo, mahali ilipokatwa ili nyumba ya juu iione bahari. Chini ya pengo hilo matope yalivikwa utando wa kijani wenye kuteleza.

"Hapa ndipo, maalim," dada akasema, akikwangua kwa unyayo. "Palikuwa na majani ya bahari, na watoto wa tafi tele. Mlitwambia maji ni tahara. Sawa. Lakini tafi hawakurudi."

Nyumba ya juu tulialikwa chai alasiri. Mwenyewe ni mtu mwema, hukosa jamaa kwa nadra, na chai yake ilikuwa na iliki ya kutosha. Nyasi zilishuka kama zulia hadi ukingoni kabisa, hakuna hata kichaka kilichosazwa. Barazani palikuwa na magunia mawili ya mbolea yakingoja masika. Tulipoitaja hori alitabasamu: "Bahari ni kubwa, shehe." Kauli hiyo ilituchoma, maana ilikuwa fatwa yetu wenyewe kwa maneno mengine.

Mbolea iliyonyunyizwa kabla ya mvua kubwa haikai bustanini. Maji huibeba hadi horini, na huko nitrojeni na fosfori zilizokusudiwa nyasi hulisha mwani. Mwani ukizidi huyafunika majani ya bahari yakakosa jua. Ukifa, kuoza kwake hula hewa iliyo majini, na samaki huhama au hufa. Maji taka hufanya kazi ile ile, tena huongeza maradhi. Nao mwamba wa pwani yetu ni matumbawe, umejaa nyufa na matundu: shimo la maji taka lililo karibu na ukingo huvujia baharini bila bomba lolote, na huenda likapitia kisima cha jirani kwanza.

Wazee waliotutangulia hapa walikuwa na uangalifu wao. Mwendo mfupi kutoka horini yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulioachwa mapema karne ya 15. Upo msikiti ukingoni mwa bahari, na bado walijijengea birika la kutawadhia. Na majumbani mwao wakachimba vyoo vya shimo. Hatudai kwamba walijua habari za nitrojeni. Tunasema tu kwamba bahari ilikuwa mlangoni pao.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mlango wa tahara unaufunga mlango wa dhara. Maji yaweza kuwa tahara kwa udhu wa mtu mmoja, na humo humo ikapotea riziki ya mwingine, na haki ya jirani haipimwi kwa kullatein.

Tulimwambia haya mwenye nyumba, tukamwomba mambo machache. Awaachie magugu na mikoko ukanda wa hatua kadhaa ukingoni, wachuje maji kabla hayajashuka. Mbolea aiweke hadi masika yapite, kisha atumie kidogo, au samadi iliyooza vyema. Shimo linyonywe na gari kabla halijafurika, na bomba lizibwe. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, ndiye aliyeuliza maswali ya maana: sabuni ya kufulia huenda wapi? Mafuta ya kukaangia je? Tukamwambia mafuta yatiwe kwenye chupa yatupwe na taka, na maji ya kufulia yasielekezwe ufukoni. Kina mama, funguo za mambo haya mnazo ninyi kuliko sisi.

Kabla hatujavaa viatu, mtunza bustani alikwisha itwa na magunia yakaingizwa stoo. Bomba, akasema mwenye nyumba, ni la fundi na fedha. Baada ya Ramadhani, inshallah.

Tulirudi ufukoni kumpa dada jawabu lake zima. Alikuwa akisuuza chaza ndani ya ndoo ya maji aliyoyabeba kutoka nyumbani. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ramadhani hii, au ijayo?"