Kiungo Kilichoteguka

Juma moja baada ya kuzipanga upya anwani za kurasa katika tovuti yangu ya mashairi, nilipigiwa simu kutoka Kahama. Mpigaji alikuwa binti wa malenga mmoja wa hapa Ushirombo, ambaye beti zake nilizichapa kwa mkono wangu kutoka katika daftari lake kabla hajafariki. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mzee. Binti alitaka kuwasomea ndugu shairi moja. Akabonyeza kiungo alichokuwa amekihifadhi katika simu, na mbele ya hadhira yote ukatokea ukurasa mweupe wenye tarakimu 404 na maneno mawili ya Kiingereza. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shikamoo mwalimu. Mashairi ya baba umeyafuta?"

Sikuyafuta. Yalikuwapo, ila katika anwani mpya ambayo sikumwarifu mtu. Hadi nilipomaliza kumwelekeza, watu walikuwa wameanza kutawanyika.

Usiku ule nikaketi kuandika ukurasa wa kumpokea msomaji aliyefika pasipo na kitu. Ufundi wake ni mdogo: faili moja, na mstari mmoja katika mipangilio ya seva. Kazi nzito ilikuwa maneno.

La kwanza kunijia lilikuwa "ukurasa haupatikani". Nikalikataa, kwa kuwa kauli hiyo imekwisha kutekwa na kampuni za simu, na anayeisikia hukata simu bila kufikiri. Nikaandika "umepotea", nikacheka peke yangu. Nani aliyepotea? Kiambishi *u-* kinaubeba ukurasa na kinambeba msomaji vilevile, na isitoshe, kwetu "umepotea!" ni salamu ya mtu tuliyekosa kuonana naye siku nyingi. Utata mtamu kwa mshairi, lakini si kwa binti aliye matangani.

Tena kuna suala la lawama. Katika utaratibu wa mtandao, tarakimu zinazoanza na 4 huhesabu kosa kuwa la aliyeomba. Zinazoanza na 5 ndizo zinazoikiri seva kuwa na hitilafu. Kwa hiyo 404 humwambia mgeni, kwa adabu ya mashine, kwamba amekosea yeye. Mwenyeji gani hapa Ubukombe atamjibu hivyo aliyepiga hodi? Hata mwenye nyumba asipokuwapo, watoto husema "hayupo, karibu ukae", kisha huleta kigoda.

Kuhusu kiungo chenyewe, wengi husema "kimevunjika". Mimi naona Kiswahili kina neno bora zaidi. Kiungo cha mwili hakivunjiki, huvunjika mfupa. Kiungo huteguka, na kilichoteguka hurudishwa mahali pake na mjuzi. Ndivyo ilivyokuwa kwa shairi la mzee: mfupa mzima, kifundo kimehama.

Na kuhama kuna tarakimu yake. 301 husema "amehamia kule, twende nikupeleke". 410 husema ameondoka na hatarudi. 404 husema tu hayupo. Sisi wa Ushirombo tungepaswa kulielewa jambo hili mapema. Mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, Wilaya ya Bukombe ilitoka Shinyanga ikaingia Geita. Hakuna nyumba iliyosogea hata hatua moja, lakini anwani ilibadilika, na ndugu wa mbali waliendelea kutuandika "Shinyanga". Aliyejua alielekeza. Mimi nilihamisha kurasa bila kumwachia mtu wa kuelekeza, kama wachimbaji wanaoacha duara wazi na kwenda kuchimba kwingine.

Nikaziwekea 301 kurasa zote nilizozikumbuka. Kwa zile nisizozikumbuka, ndipo ukurasa wangu mpya unapohitajika. Nimeupa nembo na rangi ya tovuti ili mgeni ajue bado yu nyumbani kwetu, pamoja na kisanduku cha kutafutia na orodha ya majina ya malenga. Picha sikuweka, wasomaji wangu hununua bando kwa shida, na si haki walipie picha ya kuambiwa hakuna kitu. Nimehakikisha pia kwamba seva bado inatamka 404 nyuma ya pazia. Ikitamka 200, yaani "salama", mitambo ya utafutaji huweza kuudhania kuwa ukurasa halali. Na juu kabisa, badala ya tarakimu, nimeweka ubeti:

Mgeni umefikia, mwenyeji hayupo ndani,
Hodi tumeisikia, usibaki barazani,
Kiungo kimeachia, kimeteguka njiani,
Nasi twakutafutia, lililomo mawazoni.

Mshororo wa mwisho ulikuwa na mizani tisa katika ukwapi. Rafiki mmoja mtunzi alinihesabia kwa vidole mezani hadi nikaona haya, nikaurekebisha.

Binti nimemtumia kiungo kipya. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti: alikuwa akilisoma shairi zima, na nyuma yake sahani zikioshwa. Mara mbili alikosea, mara mbili akarudia.

Nawaombeni watunzi mnisaidie na jambo moja. "Kimeachia" linanikera, lipo kwa ajili ya kina tu. Mwenye kitenzi bora chenye mizani ileile na kina hichohicho aniletee, nami nitaubadili ubeti bila kuihamisha anwani yake.