Mnaita Kupaki Basi, Mimi Naita Kulala Usingizi

Leo hakuna ubuyu wa staa yeyote, wapenzi wa ubuyu tuonane kesho. Leo nataka tuongelee ulinzi. Naongelea kukaba kwenye gemu la Football Manager, lile linalofanya mtu aitwe chakula mara nne na bado haji mezani.

Kuna kitu nimekiona kwenye magrupu ya WhatsApp ya wachezaji wa hili gemu. Kila mtu anatupia picha ya skrini akiwa kashinda tano bila. Sijawahi kuona mtu anatupia sare ya bila kufungana halafu anaandika "leo nimepiga kazi". Ukithubutu tu, unaambiwa umepaki basi. Sasa mimi, katika mechi zangu zote, ninayoikumbuka zaidi ni ya 0-0. Tulia nikupe kisa, na humohumo utaondoka na maujanja.

Kwa wasiolijua, hili sio gemu la kubonyeza vitufe upige shuti. Wewe ni kocha. Unasajili, unapanga kikosi, unatoa maelekezo, halafu unakaa pembeni unaangalia vijana wanavyokuaibisha. Linatengenezwa na Sports Interactive wa Uingereza, walewale walioanza na Championship Manager mwaka 1992, na jina hili la sasa lilianza kutumika 2004. Kila mchezaji ana sifa zenye alama kuanzia 1 mpaka 20: mbio, nguvu, umakini, kujipanga na nyingine kibao.

Mimi nacheza toleo la 2024 na braza wangu. Yeye yuko Doha, ni mlinzi kwenye jengo moja la maofisi, zamu ya usiku. Uzuri ni kwamba saa za Doha na za Dar ni zilezile, kwa hiyo siku yake ya mapumziko tunaingia mtandaoni, kila mtu na timu yake, ligi moja. Tulichagua League Two, daraja la nne Uingereza: timu 24, mechi 46, mbili za mwisho zinashuka.

Simu za kawaida tulishazichoka. "Upo?" "Nipo." "Mama mzima?" "Mzima." Kimya. Mtu anasingizia bando. Lakini tukiwa kwenye gemu tunaongea masaa matatu, na katikati ya matusi ya utani ndipo anapochomekea yale ya kweli: kwamba mguu unamuuma kwa kusimama, kwamba hela ya mwezi huu imechelewa, kwamba alimuota marehemu mzee. Sasa kuanzia msimu ule alianza kuahirisha. Wiki hii amechoka, wiki ijayo tutaona. Siku moja akaandika: "Dogo, ukishuka daraja hatukutani tena. Hapo tufunge tu hii kitu."

Na timu niliyokuwa nayo ilikuwa ya 23. Niliichukua mwezi wa 12 baada ya kocha wa kompyuta kutimuliwa, inavuja kama bomba la mtaani kwetu. Kwa hiyo mnaponiambia ni gemu tu, mimi nacheka.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Cha kwanza, sikugusa mfumo. Nilikaa na daftari nikaangalia magoli yote tuliyofungwa kwenye mechi 10 za mwisho. Yalikuwa 21. Tisa ni krosi kutoka upande wetu wa kushoto, saba ni mipira iliyopigwa nyuma ya mabeki, matatu kona, mawili penalti. Ona hapo! Watu wengi wakifungwa sana wanakimbilia kubadilisha 4-4-2 kuwa 5-4-1, wakati tatizo lina jina na namba ya jezi. Beki wetu wa kushoto alikuwa anapanda mpaka kwenye kibendera cha kona, mpira ukipotea anarudi anatembea. Nikamwambia wewe unabaki nyuma, wa kulia ndiye apande. Nusu ya krosi zikaisha.

Cha pili ni mistari miwili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna mstari wa ulinzi, yaani mabeki wasimame wapi, na kuna mstari ambao timu inaanzia kukaba. Ukiwaambia washambuliaji wakabe juu kabisa huku mabeki wamerudi kwenye boksi lao, katikati unaacha uwanja mzima wa kuchezea vishandu. Namba 10 wa wapinzani anapokea mpira, anageuka, anachagua. Arrigo Sacchi pale Milan alitaka umbali kutoka straika wake mpaka beki wa mwisho uwe kama mita 25 tu, na timu hiyo ikabeba kombe la Ulaya 1989 na 1990. Siri ilikuwa kusogea pamoja, juu au chini.

Mabeki wangu wa kati walikuwa wazito. Mmoja mbio 8, mwingine 7. Kwa hiyo mtego wa kuotea niliuzima kabisa, maana ule unataka mabeki wenye mbio, umakini na kusoma mchezo, mmoja akichelewa kutoka mmekwisha. Mabeki nikawarudisha kidogo, na washambuliaji nao nikawarudisha waanze kukaba katikati ya uwanja. Mbele yao nikaweka kiungo mkabaji ambaye kazi yake ni moja: asiende popote. Tukiwa tunashambulia, nyuma wanabaki mabeki watatu na yeye. Goli la kaunta linaanza kutengenezwa wakati wewe una mpira, sio wakati umeupoteza.

Cha tatu, usidanganyike na mtelezo. Beki anayechafua bukta kila dakika tano anapendwa na mashabiki, lakini mara nyingi anateleza kwa sababu alikuwa amesimama pabaya. Mimi nilimchukua mzee wa miaka 34, hana timu, hana mbio, lakini kujipanga 15 na umakini 16. Mechi nzima humuoni. Na ndiyo maana nilimtaka.

Pamoja na hayo yote tulikuwa bado tunabanwa. Sio kufungwa sana, kubanwa. Dakika 90 roho mkononi. Siku moja nikiwa namlalamikia braza, akaniambia kitu ambacho sidhani kama alikuwa anaongelea mpira.

"Dogo, unajua mimi tangu nifike hapa sijawahi kumkimbiza mwizi? Hata mmoja. Kazi yangu ni mwizi akipita aone taa inawaka, aone mtu yupo macho, achague geti lingine. Nikishaanza kumkimbiza, ujue ameshaingia."

Halafu akaongeza: "Na asubuhi hakuna anayesema asante. Siku kikipotea kitu ndio wanakumbuka kuna mlinzi."

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikafungua maelekezo ya timu nikaweka lile la kuwasukuma wapinzani pembeni. Badala ya kuwaziba kila mahali nikafunga katikati, nikawaachia njia ya kwenye chaki. Wapige krosi wakiwa mbali, kwenye boksi wakutane na mzee wangu na mwenzake mwenye kichwa 15. Yaani nikawachagulia geti. Mechi 24 zilizobaki, 10 hatukuruhusu goli.

Na wanaodhani ulinzi ni woga, wakumbuke Ugiriki ya Euro 2004. Robo fainali 1-0, nusu fainali 1-0, fainali 1-0 mbele ya wenyeji Ureno, kombe likaenda. Chelsea ya msimu wa 2004/05 iliruhusu magoli 15 katika mechi 38 ikawa bingwa. Na Morocco wetu wa 2022 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakiwa wameruhusu goli moja tu, tena la kujifunga. Hispania walichonga pasi mpaka wakachoka, mwisho wakatolewa kwa penalti. Siku ile hakuna mtu mtaani aliyesema basi limepakiwa. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka.

Sasa mechi ya mwisho ya msimu, ratiba ikaamua kutuchezea. Mimi dhidi ya braza. Mimi nahitaji pointi moja nibaki. Yeye yuko nafasi ya nane, akinifunga anaingia hatua ya mtoano ya kupanda daraja. Usiku huo hakuahirisha. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, nasikia kiti kikilia kule kwake, hataki hata salamu.

Alinipiga mashuti 19. Nilihesabu. Mengi ya mbali, mengi vichwa vya kulazimisha. Dakika ya 88 winga wake akakata ndani kwa mara ya kwanza mechi nzima, nikasikia braza anasema "eeeh" taratibu kama mtu anayeomba. Mzee wangu wa miaka 34 hakuteleza. Alikuwa tu amesimama palepale mpira ulipokuwa unakwenda. Ukamgonga kifuani.

0-0.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Nikawaza kweli, kwamba labda nimeokoa timu halafu nimempoteza mtu niliyekuwa naiokolea. Kisha ujumbe ukaingia: "Mshenzi wewe. Umenifungia geti."

Kabla sijajibu, ukaingia mwingine: "Msimu ujao nakuja na mawinga wapya. Jiandae."

Tangu hapo hajaahirisha. Yeye hakupanda, mimi sikushuka, tupo ligi moja. Mguu wake bado unauma, juzi nimemlazimisha akamuone daktari. Hilo nalo liliongelewa dirisha la usajili likiwa wazi, katikati ya kubishana bei ya beki wa kulia.

Haya, kazi kwako. Leo usiku kabla hujabadilisha mfumo, chukua karatasi, andika magoli 10 ya mwisho uliyofungwa: yametokea upande gani, nani alipoteza mpira, nani alikuwa hayupo nafasi yake. Halafu rudi hapa kwenye maoni uniambie umekuta nini. Na wale wa "umepaki basi" nanyi karibuni, nafasi zipo, shukeni kwa mlango wa nyuma.