Ijumaa Nyeusi: Nilimdanganya Mama

Najua blogu ililala wiki tatu. Wa kulaumiwa ni Black Friday.

Mimi huandika programu za duka moja la mtandaoni hapa Nairobi. Mapema Novemba mama aliona tangazo letu akanipigia simu: "Mwanangu, hiyo Ijumaa nyeusi, kwani kuna msiba?" Nikamweleza kwa madaha ya mwenye digrii kwamba wafanyabiashara wa Marekani waliandika hasara kwa wino mwekundu na faida kwa wino mweusi, na siku hiyo ndiyo vitabu vyao vilipogeuka kuwa vyeusi. Akaridhika. Maelezo hayohayo nilikuwa nimeyabandika kwenye ukurasa wa kwanza wa duka.

Siku ikafika. Saa sita usiku ofa zilifunguliwa, na dakika chache baadaye seva ikalala chali. Kosa lilikuwa langu: kila mteja aliyefungua ukurasa aliilazimisha hifadhidata kuhesabu upya bidhaa zilizobaki. Jibu lingehesabiwa mara moja na kuhifadhiwa kwa dakika moja tu, tungepona. Nilirekebisha hadi alfajiri, na nilipokuwa nasubiri mashine ziwake nikaanza kusoma asili ya jina hili.

Kumbe ni la polisi! Katika miaka ya 1950 na 1960, askari wa Philadelphia walikuwa na balaa kila Novemba. Alhamisi ni sikukuu ya Kutoa Shukrani. Jumamosi, miaka mingi, timu za jeshi la nchi kavu na la majini zilikutana mjini humo kwa mechi ya futiboli ya Kimarekani. Ijumaa ya katikati, wanunuzi na mashabiki walimiminika pamoja, magari yakakwama, wezi wakaneemeka madukani. Askari hawakupata ruhusa, na zamu zilikuwa ndefu. Ndio walioiita nyeusi, kwa uchungu.

Wenye maduka hawakulipenda jina hilo. Mwaka 1961 kulikuwa na jaribio la kuiita "Big Friday", yaani Ijumaa Kubwa (si ile Kuu ya Pasaka, jamani). Halikushika. Hadithi ya wino ilikuja kusikika mwanzoni mwa miaka ya 1980, jina likiwa limeshazoeleka. Cyber Monday ni tofauti: hilo lilibuniwa na chama cha wauzaji wa Marekani mwaka 2005, wakiwalenga watu waliorudi kazini Jumatatu na kununua kwa intaneti ya ofisi iliyokuwa na kasi kuliko ya nyumbani.

Nilisoma hayo macho mekundu, kahawa imepoa, simu ya bosi ikiita. Niliwaelewa sana wale askari.

Kulipokucha nilimpigia mama nikakiri. Akacheka hadi akakohoa. "Si nilikuuliza kama kuna msiba?"

Sentensi ya wino nimeifuta kwenye ukurasa. Bosi bado hajagundua.