Jina la Duka ni Amana

Ndugu zetu wasomaji, twapenda kuwahadithia lililotupata sisi wenyewe, ili liwe funzo kwa wengine.

Mwaka 2019 tuliazimia kuiwekea tovuti biashara yetu ya kofia za mkono hapa Mombasa. Tulipanga vyema: picha za kofia, bei zake, na namna ya kulipa kwa simu. Jina tulilichagua fupi, lisilomkanganya mwenye kuliandika, nalo likaishia .co.ke. Kijana mmoja akatuandikishia.

Lakini hatukuuliza: limeandikishwa kwa jina la nani? Wala hatukujua kwamba jina la tovuti halinunuliwi milele, bali hukodiwa kwa muda, na ada isipolipwa, mwengine aweza kulichukua. Kijana alisafiri; ilani zikaenda kwenye barua pepe yake; muda ukapita. Siku moja mteja wetu wa zamani akatupigia simu kuuliza kama tumefunga duka. Jina lilikwisha kuchukuliwa.

Tumlaumu nani? Sisi tuwasomeshao watoto Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iamrishayo madeni yaandikwe na mashahidi wawepo, hatukuandikiana lolote na kijana yule. Tulidhani kuandikiana ni kumtilia shaka ndugu. Kumbe ni kumhifadhi yeye na sisi.

Basi atakaye kufungua tovuti, na aliandikishe jina kwa jina lake mwenyewe, nywila aishike yeye, na tarehe ya kulipia aiandike ukutani mbele ya macho yake.

Wabillahi tawfiq.